Jinsi ya Kumshika Kobe Mng'ataji Bila Kuumia Wala Kumuumiza

Huku Ontario, Kanada, Juni ni mwezi wa kobe. Kuanzia mwisho wa Mei hadi siku za mwanzo za Julai, majike hutoka mabwawani na vinamasini kutafuta pa kutagia, na wanapapenda sana kwenye changarawe ya kando ya barabara. Inachimbika kirahisi, inapigwa na jua mchana kutwa, haina mizizi. Ukiendesha gari kuzunguka Peterborough na maziwa ya Kawartha majira hayo, hasa asubuhi au jioni baada ya mvua, utakutana nao tu. Wengi ni wadogo, wale wenye michirizi ya njano na nyekundu shingoni, ambao mtu yeyote anaweza kuwanyanyua kwa mikono miwili akawavusha. Lakini safari nyingine aliyekaa katikati ya lami ni jitu la kilo kumi hivi, gamba limeota mwani, mkia mrefu wenye meno-meno kwa juu, mdomo wazi. Huyo ndiye kobe mng'ataji. Wenyeji wanamwita snapping turtle, jina utakalolihitaji siku ukipiga simu kuomba msaada.

Nimeona watu wetu wengi, Watanzania, Wakenya, Wakongomani, wakimkwepa na kuendelea na safari. Siwalaumu, maana hakuna aliyewahi kutufundisha. Nimeona pia video inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, jamaa kamning'iniza kobe huyu kwa mkia, anacheka, na huku chini watu wanamsifu kwa ujasiri. Video hiyo ndiyo iliyonikalisha kitako niandike, kwa sababu mtu mwenye nia njema kabisa anaweza kuiiga akadhani anaokoa, kumbe anamlemaza mnyama.

Ukitaka kujua pa kuweka mkono, anza na umbile lake. Kobe tuliowazoea sisi, wawe wa shambani au wale wakubwa wa kisiwa cha Changuu kule Zanzibar, wana nyumba kamili mgongoni. Ukimgusa anavuta kichwa na miguu ndani, anatulia, anakusubiri uondoke. Mng'ataji hawezi. Gamba lake la juu ni pana na gumu, lakini la chini ni dogo mno, limekaa umbo la msalaba, na linaacha mapaja, mabega na shingo nje. Akiwa majini hilo halimsumbui. Anaogelea vizuri, na akikuona kwanza anajizika kwenye matope au anakwenda zake, ndiyo maana watu wanaoga kwenye maziwa anamoishi kila kiangazi bila kumwona. Nchi kavu mambo yanabadilika: ni mzito, hana mbio, hana pa kuingia. Amebakiwa na mdomo peke yake. Ukimwona anakurukia barabarani, elewa kwamba unamtazama mnyama aliyejaa hofu.

Sasa ile shingo. Akiwa ametulia utadhani hana shingo kabisa, kwa sababu ameikunja ndani. Akiifyatua inakwenda mbele, inakwenda pembeni, inapinda kurudi nyuma juu ya gamba lake mwenyewe hadi kupita katikati. Yaani ukimshika ubavuni namna unavyoshika sufuria ya ugali, vidole vyako viko mahali anapofika bila taabu. Eneo lako ni theluthi ya nyuma tu, usawa wa miguu ya nyuma na mkia. Hapo shingo haifiki, hata akijitahidi vipi.

Kuhusu nguvu za kung'ata, mengi yanayosemwa ni chumvi. Watu hukuambia anakata mpini wa ufagio vipande viwili. Watafiti waliompima walipata nguvu ya nyutoni (kipimo cha nguvu) zaidi ya 200 kidogo, na magego ya binadamu yanaweza kuzidi hapo. Kinachofanya awe wa kuogopwa ni kwamba hana meno bali mdomo mgumu wenye makali, na anafyatuka ghafla. Atakupasua kidole vibaya, utahitaji kushonwa. Tahadhari inatosha, huna haja ya kumwogopa kama bomu.

Na mkia, tafadhali, mkia si mpini. Mifupa yake ni mwendelezo wa uti wa mgongo, na uti wa mgongo wa kobe umeungana na gamba lenyewe. Kumwinua mnyama wa kilo kumi kwa mkia ni kuuvuta uti wa mgongo kwa uzito wake wote. Viungo vinaachana, mishipa ya fahamu inakatika. Ukimweka chini atatembea, utaona mzima, na madhara yatakuwa yameshatokea mahali ambapo huoni.

Jioni moja nilikuwa natoka kazini pamoja na mama mmoja wa Bukavu tunayefanya naye shifti. Kabla ya daraja dogo linalovuka kijito, tukamkuta mmoja karibu kabisa na mstari wa katikati. Barabara ile imenyooka pande zote mbili, unaona gari likiwa mbali, na kuna sehemu pana ya kuegesha. Nikaegesha nje ya lami, nikawasha hazadi, nikavaa kizibao cha riflekta ninachokiweka nyuma ya kiti.

“Papa, acha ile nyama,” mama akaniambia kupitia dirishani. “Itakukata vidole.”

“Haitanikata, mama. Wewe nisaidie kuangalia magari tu. Huyu ana mayai, anakwenda kutaga.”

Akanyamaza kidogo. “Iko na mimba?” Akafungua mlango. “Basi tumusaidie.”

Nilikwenda kwa nyuma yake, taratibu. Aliponisikia akainua makalio, miguu ya nyuma ikanyooka, mwili ukainama kwa mbele, kisha akazunguka pale pale alipo kunielekea. Hivi ndivyo wanavyofanya siku zote: hataki uwe nyuma yake, kwa hiyo unazunguka na yeye anazunguka. Usishindane naye. Simama mbali kidogo, mtu mwingine asimame upande wa pili, naye atachagua mmoja wa kumtazama. Alimchagua mama. Mimi nikabaki na mkia. Nikatandaza kapeti la gari, lile la mpira la miguuni kwa dereva, nyuma yake kabisa. Nikashika ukingo wa gamba kwa mikono miwili, mkono mmoja kila upande wa mkia, nikamvuta kinyumenyume hadi mwili wote ukakaa juu ya kapeti. Alifoka, akafyatua shingo mara kadhaa, akang'ata hewa. Kwa karibu hivyo unaona mambo ambayo kwenye gari huyaoni: ruba wawili wamejibandika kwenye paja, ngozi ya njano-njano chini ya shingo, na mistari myeusi inayotawanyika kutoka kwenye mboni ya jicho. Na harufu. Akiogopa hutoa harufu nzito inayoshika nguo.

Kutoka hapo kazi ni nyepesi. Unashika ncha ya kapeti upande wa mkiani, unarudi nyuma ukiliburuta, naye anaburutwa akikukodolea macho. Hapo katikati gari lilitokea, mama akainua mkono, dereva akasimama akatungoja. Tulipofika ng'ambo nililigeuza kapeti lote ili aelekee majanini. Watu wengi husahau hili. Ukimwacha ametazama barabara, atatembea kule anakotazama.

Kapeti ndilo ninalowashauri wote, hasa mara ya kwanza, kwa sababu tayari unalo kwenye gari na mikono yako inakaa mbali. Koleo la theluji linafaa vilevile: unalisukuma chini yake kutokea nyuma, unamsogeza akiwa karibu na ardhi, usimpandishe juu. Aliyezoea anaweza kumbeba kwa mikono. Mkono mmoja unaingia chini ya gamba la tumbo kutokea mkiani, kiganja juu, namna mhudumu wa mgahawa anavyobeba sinia, na mkono wa pili unashika ukingo wa gamba kwa nyuma kumtuliza asiyumbe. Kichwa kiwe mbali na mwili wako. Tembea naye akiwa chini, kwenye usawa wa goti, maana atarusha miguu, kucha zake ni ndefu na zina nguvu, na ukishtuka ukamwachia kutoka kifuani gamba linaweza kupasuka. Kama hujiamini, usimbebe. Wala usimpe fimbo aing'ate halafu umburute kwa fimbo hiyo, kama wengine wanavyofanya: unaumiza taya na shingo, na anaweza kuiachia ukiwa katikati ya barabara.

Kabla ya yote hayo, barabara yenyewe. Mwaka 2010 huko Quebec, dereva alisimamisha gari kwenye njia ya barabara kuu ili akusanye vifaranga wa bata. Baba na binti yake waliokuwa kwenye pikipiki wakaligonga gari lile wakafa, na mwaka 2014 mahakama ikamtia dereva yule hatiani. Kwa hiyo nasema waziwazi: kwenye barabara kuu zenye magari ya kasi, kwenye kona, kwenye kilima usichoona ng'ambo yake, usisimame. Piga simu polisi uwaambie kuna hatari barabarani. Maisha ya kobe ninayapenda sana, lakini siandiki makala hii ili mtoto wa mtu abaki yatima.

Mvushe upande ule ule aliokuwa anaelekea, hata kama unaona ziwa zuri lipo nyuma yake. Ukimrudisha, ataanza safari upya mara tu utakapowasha gari. Na usimchukue umpeleke kwenye bwawa la mbali eti ndiko salama. Majike hawa hurudi eneo lile lile kutaga mwaka hadi mwaka, na akihamishwa atatumia miezi akitafuta kwao, akivuka barabara nyingine nyingi zaidi.

Rafiki yangu mmoja aliniuliza kwa nini nihangaike hivi kwa kobe mmoja, wakati anataga mayai 20, 30, hata 40 kwa mara moja. Jibu liko kwenye msitu wa Algonquin, mwendo wa saa chache kaskazini ya hapa. Tangu mwaka 1972 watafiti wamekuwa wakiwawekea alama kobe wa pale na kuwafuatilia mmoja mmoja, na waliyoyakuta yanasikitisha. Jike la huko huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Mayai mengi huliwa na rakuni, mbweha na kicheche usiku ule ule yalipotagwa, na wanaoanguliwa wengi huliwa kabla ya kukua. Kwenye mayai elfu moja, hata kobe mmoja mzima hapatikani kwa uhakika. Mnyama wa aina hii anajaza pengo lake kwa kuishi muda mrefu, kutaga kila mwaka kwa miongo mingi, wengine wakikaribia miaka mia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 fisi maji waliwavamia kobe wa Algonquin wakiwa wamelala chini ya barafu wakaua wazima wengi. Zaidi ya miaka 20 baadaye idadi yao ilikuwa bado haijarudi. Gari linafanya kazi ile ile ya fisi maji, tena kila mwaka, na linachagua majike, kwa sababu ndio wanaopanda barabarani kutaga. Ninapomwona mkubwa amevuka salama, najua huenda yupo tangu kabla sijazaliwa.

Kuna jambo linaniuma kulisema. Kwenye barabara ya Long Point, inayokatiza vinamasi vya ziwa Erie, watafiti waliwahi kuweka sanamu za nyoka na kobe barabarani ili waone madereva watafanya nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007: karibu asilimia 2.7 ya madereva walizigonga kwa makusudi. Waligeuza usukani kuzifuata. Inaonekana ni wachache, lakini hesabu magari yanayopita kwa siku moja ya kiangazi. Nashukuru kwamba pale Long Point watu hawakuishia kulalamika. Walijenga uzio pembeni ya barabara na makalavati ya kupitia wanyama chini yake. Serikali ya Ontario nayo ilifunga uwindaji wa kobe huyu mwaka 2017. Zamani ilikuwa ruhusa kumuua kwa chakula.

Ukimkuta tayari anachimba au anataga kando ya barabara, usimguse kabisa. Atamaliza, atafukia kwa miguu ya nyuma, ataondoka. Wewe egesha mahali salama, wapungie madereva wapunguze mwendo, na uwazuie watoto na mbwa.

Na ukimkuta amegongwa, usimpe kisogo ukadhani amekwisha. Mwili wa kobe unafanya kazi polepole mno, anaweza kulala bila kutikisika kumbe yu hai, na gamba lililopasuka linaungwa. Pale Peterborough kuna hospitali ya kobe tu, Ontario Turtle Conservation Centre, inayopokea majeruhi kutoka kila kona ya mkoa. Wanaunga magamba, na jike akifa wanamtoa mayai na kuyaatamisha, kisha watoto wanarudishwa kwenye kinamasi cha mama yao. Hata aliyekufa, basi, anastahili simu. Mweke kwenye beseni kubwa la plastiki lenye mfuniko imara, toboa matundu ya hewa, usimwekee maji wala chakula. Andika mahali hasa ulipomwokota: namba ya barabara, daraja lililo karibu, au piga picha ya ramani kwenye simu. Bila hiyo hawajui pa kumrudisha akipona.

Ikitokea amekung'ata, usivute mkono. Najua ni rahisi kusema, lakini ukivuta unachanika zaidi. Mshushe chini au, kama maji yapo karibu, mwingize majini. Akijisikia salama ataachia. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, nenda hospitali, waulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Hata kama hajakung'ata, osha mikono kabla ya kugusa chakula au mtoto, kwa sababu kobe hubeba vijidudu vya salmonela. Marekani walipiga marufuku kuuza kobe wadogo wenye gamba chini ya inchi 4 tangu mwaka 1975, baada ya watoto wengi kuugua. Chupa ya sanitaiza ikae pamoja na kizibao.

Walioko Houston, Dallas au Louisiana, kusini mwa Marekani, wana kobe mwingine wa jamaa hii, mkubwa zaidi, mwenye safu tatu za miiba mgongoni na mdomo uliopinda kwa mbele. Dume lake linaweza kupita kilo 80. Huyo usijaribu niliyoyaeleza hapa. Analindwa na sheria na ni mara chache sana kutoka majini. Ukimkuta barabarani, kaa mbali na uwaite maofisa wa wanyamapori.

Kuanzia mwisho wa Agosti hadi Oktoba mayai yaliyonusurika huanguliwa, na watoto hutoka kwenye changarawe ile ile kuelekea majini. Ni wadogo kuliko kifuniko cha chupa ya maziwa, mkia mrefu karibu sawa na mwili, na hawana uwezo wa kukuumiza. Hawa unaweza kuwaokota kwa vidole. Wanangu huwa wananidai tutembee kando ya barabara baada ya mvua ya Septemba, kila mmoja na kikombe chake, na tukimpata mmoja tunampeleka kwenye majani marefu ukingoni mwa kinamasi kilicho karibu, pasipo na maji ya kina. Kabla ya kutoka tunaangalia pia chini ya magari yaliyoegeshwa, kwa sababu hupenda kujibanza kwenye kivuli cha tairi.